Ephrasia na Mashine ya Sindano Mia Mbili

Ephrasia aliletwa Nshamba kuwa mke wa Mutembei mwezi wa kumi mwaka 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru. Nyuma ya bibi arusi walitembea wanaume wawili wamebeba kasha refu, jembamba, lililofungwa blanketi. Majirani tulisimama kando ya njia tukibishana. Mmoja alisema ni kinanda cha kanisa. Mwingine alisema ni jeneza la mtoto, akaambiwa anyamaze, asiharibu siku ya watu. Mimi, Klaudia, nilikuwa nimeolewa mwaka uliotangulia, kibanja cha pili kutoka kwa Mutembei, maana huku kwetu kila nyumba ina kibanja chake cha migomba. Nilisubiri siku za heshima zipite, kisha nikaenda kumwamkia mgeni na kumuuliza ndani ya kasha mna nini.

"Mashine ya kufuma," alisema. "Masista wa Kashozi walipata mpya, hii ya zamani wakanipa zawadi ya ndoa."

Akaifungua nione. Kulikuwa na kitanda cha chuma chenye mifereji myembamba iliyopangana kama meno ya kitana, na katika kila mfereji sindano moja. Sindano zilikuwa mia mbili. Kila moja ilikuwa na kichwa kilichopinda kama ndoana, na kwenye ndoana ile kiulimi kidogo cha kufunguka na kufungika. Juu ya kitanda kilikaa kigari cha chuma chenye mkono. Ephrasia aliingiza uzi, akashika mkono ule, akasukuma kigari kutoka kushoto kwenda kulia. Kra. Akakirudisha. Kra. Kila kilipopita, sindano zilitoka, zikadaka uzi, zikarudi ndani, na kitambaa kikaongezeka mstari mmoja. Mimi nilizoea kufuma kwa vijiti viwili, soksi moja kwa wiki. Nilikaa pale mkekani, chai yangu ikapoa.

Alikuwa amejifunza kazi hiyo Kashozi tangu akiwa na miaka kumi na mitatu. Mwalimu wake, Sista Benadetha, aliwapenda wanafunzi wake lakini hakuwaamini kushika bisibisi. Mashine ikigoma, aliibeba hadi chumbani kwake, akafunga mlango, na baada ya saa moja akatoka nayo imepona. "Kufuma ni kwenu," aliwaambia, "kufungua ni kwangu." Basi Ephrasia alitoka Kashozi akijua kila namna ya mshono, kola, na mkono wa sweta, ila hajawahi kuona tumbo la mashine yake mwenyewe.

Kwa hiyo aliitunza kama mtu anavyomtunza mgeni asiyejua lugha yake. Kila alipomaliza kazi aliifagia kwa unyoya wa kuku, sindano kwa sindano, kutoa manyoya ya sufu. Kila Jumamosi alidondosha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye reli ya kigari na kulifuta kwa kitambaa. Uzi ukiwa mkavu na wenye kukwaruza, aliupitisha kwenye kipande cha mshumaa uteleze. Msimu wa mvua aliifunga blanketi lake lile lile, asiiache karibu na dirisha. Miaka kumi na mitatu ilifanya kazi hivyo. Watoto wetu wote, wake na wangu, walibatizwa ndani ya shali zilizotoka katika mashine ile, na mtu aliyefumiwa sweta alileta alichonacho, mkungu wa ndizi au kuku, na asiye na kitu alikuja siku moja kupalilia kahawa ya Mutembei.

Kisha vikaja vijiji vya ujamaa. Huku kwetu mgomba hauhamishwi. Ukihama unauacha pamoja na samadi aliyotia babu yako, na hakuna mtu mwenye akili atakayefanya hivyo. Kwa hiyo sisi hatukuhamishwa. Tulihesabiwa pale pale tulipo, tukaandikishwa, tukawa kijiji. Mwenyekiti wetu alikuwa Ndugu Rugaibula, mtu mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe mlima wa pili. Ningependa ieleweke kwamba hakuwa mtu mbaya. Aliamini kila neno alilolisema, na alikuwa wa kwanza kushika jembe siku za shamba la pamoja.

Mwanzoni mwa mwaka 1975 aliitisha mkutano, akatangaza kuwa kijiji kitakuwa na kikundi cha akina mama cha kufuma, na kitafuma masweta ya shule.

"Kwa mashine gani?" mtu mmoja aliuliza kutoka nyuma.

Rugaibula akamtazama Ephrasia. Sote tukamtazama Ephrasia.

"Mama Datius," mwenyekiti alisema kwa upole, "mashine yako hufanya kazi saa ngapi kwa siku?"

"Saa tatu. Nne, kama sikwenda shamba."

"Na saa zilizobaki inafanya nini?"

"Inapumzika, Mwenyekiti."

Watu wakacheka, hata Rugaibula. Lakini jambo lilikuwa limekwisha. Ephrasia aliniambia baadaye kwamba hakukasirika kuitoa. Alikuwa amefundishwa na masista kwamba kitu cha mtu mmoja ni kidogo, na Mutembei alisema wakikataa wataonekana mabepari, na kwa mashine moja na ng'ombe mmoja ubepari huo utakuwa wa aibu. Kilichomuuma ni kwamba alipoanza kueleza namna ya kuitunza, mwenyekiti alimkatiza. "Usiwe na wasiwasi, dada. Sasa ina wenyewe wengi."

Wakaibeba hadi ghala la kahawa. Ndilo lililokuwa jengo la pekee lenye mlango wa kufuli.

Tulikuwa akina mama sita katika kikundi, na tulifuma kwa zamu. Ephrasia alipewa zamu yake ya Jumatano, sawa na mwingine yeyote. Jumatano alikuta kitanda kimejaa vumbi la maganda ya kahawa, akakifagia. Jumatano iliyofuata akakuta vumbi mara mbili. Akasema. Tukamjibu kuwa tutafagia, na kila mmoja wetu aliwaachia wenzake watano kazi hiyo. Kigari kikaanza kuwa kizito. Siku ya zamu yangu nilikuwa nasukuma kwa mikono yote miwili, nguo nimeifunga kiunoni kama natwanga.

Mwezi wa tano ikaja habari njema. Kwaya ya shule yetu ilichaguliwa kwenda kuimba Bukoba siku ya Saba Saba. Watoto ishirini na wanane. Rugaibula alisimama mbele ya wazazi akaahidi kuwa kila mtoto atavaa sweta la kijani lililofumwa na kijiji chake mwenyewe. Uzi ukapatikana, maboksi mawili, nao wakati ule ulikuwa wa kutafutwa kama dawa. Tukaanza. Tulipofikisha sweta la saba, kigari kikasimama katikati ya kitanda kikakataa kwenda wala kurudi. Zilibaki siku ishirini na mbili.

Rugaibula alimwita fundi Byabato kutoka mjini. Byabato alitengeneza cherehani, na kwa cherehani alikuwa na jina zuri. Alishuka kwenye basi la asubuhi na mkoba wa ngozi, akapikiwa kuku na matoke, akala, akanawa, kisha akaishika mashine. Aliitazama juu. Akaitazama chini. Alikishika kigari, akakaza misuli, akasukuma. Kikaenda kwa kishindo, na sindano mbili zikapinda mbele ya macho yetu.

Byabato akakiachia kigari. "Hii si cherehani," alisema.

"Tunajua si cherehani," Rugaibula akamjibu.

"Vipuri vyake havipo Bukoba. Mwanza havipo. Aliyeitengeneza huko kwao labda naye amekufa. Mashine hii imekufa, Mwenyekiti. Nisiwadanganye."

Baada ya basi kumchukua tukakaa kwenye magunia, akina mama sita na mwenyekiti, hakuna aliyemtazama mwenzake. Ndipo Ephrasia aliposimama. Alikuwa mwanamke mfupi, na aliposema na wakubwa alikuwa na tabia ya kushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia.

"Mwenyekiti, kama imekufa, naomba mnipe maiti nikazike."

"Mali ya kijiji haizikwi kwenye kibanja cha mtu," Rugaibula alisema, lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

"Basi nipeni nikailalie matanga. Siku tano. Isipofufuka nitairudisha hapa mbele ya mkutano, na masweta yaliyobaki nitayafuma kwa vijiti mpaka vidole vikatike."

Rugaibula alitazama rundo la uzi wa kijani. "Umewahi kuitengeneza?"

"Sijawahi hata kuifungua."

Nadhani jibu hilo la kweli ndilo lililomlainisha. Akampa ufunguo wa ghala akaichukue.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa Ephrasia mapema, maana nilikuwa na jambo moyoni. Nilimkuta barazani amefagia pakavu. Ametandika majani ya mgomba, ameweka beseni la mafuta ya taa, nyungo mbili, na manyoya ya kuku kama kumi. Bisibisi ya Mutembei ilikuwa mapajani mwake. Hakuwa ameanza. Alikuwa anaitazama tu mashine.

"Naogopa, Klaudia," alisema. "Naona kama Sista atatokea nyuma yangu."

"Yuko Kashozi," nilisema. "Basi lenyewe halijafika."

Akacheka, akafungua skrubu ya kwanza.

Alikuwa na utaratibu wake, na sikuwahi kumwona mtu akifungua kitu kwa adabu namna ile. Kila skrubu aliyoitoa aliiweka juu ya jani mahali pake, kwa mpangilio ule ule iliokuwa nao kwenye mashine, ili macho yakumbuke pale akili itakaposahau. Alipotoa ubapa mrefu wa chuma uliozikandamiza sindano, akaweza kuzichomoa moja moja. Ncha ya sindano ya kwanza ilikuja na uji mweusi unaonata. Akaunusa. Akanipa ninuse.

"Hii ni nini?"

Nilijua ni nini. Ndiyo sababu nilikuja mapema.

"Samli," nilisema.

Alinigeukia.

"Kigari kilikuwa kizito, na chupa ya mafuta ya cherehani ilikuwa imekwisha. Nikaona mafuta ni mafuta. Nilitia kijiko."

"Kijiko?"

"Vijiko vitatu. Kwa wiki tatu."

Ephrasia aliweka sindano chini. Nilitegemea ataniambia neno ambalo tusingelisahau maisha yetu yote. Badala yake mabega yakaanza kumtikisika, akajifunika uso kwa kitenge, na alipouonyesha tena alikuwa analia kwa kucheka. "Waitu, Klaudia. Umeikaanga. Umeikaanga na vumbi la kahawa." Kisha akanisukumia beseni. "Haya. Utaosha wewe."

Niliosha sindano mia mbili kwa mafuta ya taa, kwa unyoya, siku mbili. Ephrasia alikwangua mifereji kwa kijiti cha mwanzi, kwa sababu aliogopa chuma kitakwaruza chuma. Zilipokauka akazikagua. Aliishika kila sindano juani, akafunga kiulimi chake kwa kidole na kukifungua. Kiulimi kizuri kilianguka chenyewe, chepesi kama kope. Kibaya kilikwama, au kililala upande. Tulipata thelathini na moja mbovu, na karibu zote zilitoka katikati ya kitanda.

"Thelathini na moja," nilisema. "Tutazitoa wapi?"

Alikaa akizitazama ungoni. Mutembei alirudi kutoka shambani, akanywa maji, akaenda tena, na mkewe bado alikuwa anazitazama. Mwishowe akasema, "Sweta la mtoto linatumia sindano ngapi?"

"Themanini. Tisini."

"Hata la mtu mzima halifiki mwisho wa kitanda. Sindano za pembeni hazijawahi kufanya kazi tangu Kashozi. Zimekaa pale miaka yote kama wageni wa arusi." Akachukua ungo wa pili. "Basi wa pembeni waje katikati wafanye kazi, na hawa wagonjwa waende pembeni wakapumzike."

Hakuna aliyemfundisha hilo. Lilimjia pale barazani, na mpaka leo sijaona fundi aliyesema kitu chenye akili zaidi.

Mafuta ya cherehani hayakuwepo Nshamba nzima. Mutembei, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alipanda baiskeli yake bila kuaga. Alirudi jioni ametapakaa vumbi, na mfukoni alikuwa na kichupa kilichowahi kuwa cha dawa ya macho, nusu kimejaa. Fundi nguo mmoja wa Muleba alikuwa amemgawia. "Nimemwambia ni kwa mgonjwa," alisema, akaenda kuoga.

Siku ya nne Ephrasia aliifunga mashine, akatia uzi, akasukuma. Kigari kilitembea kama kisu kwenye ndizi mbivu. Tukashikana mikono. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tano. Kwenye mstari wa nane vitanzi vikaanza kudondoka katikati, kimoja, kisha vinne pamoja, na kitambaa kikafunguka kama mdomo. Akaanza upya. Kwenye mstari wa sita kikafunguka tena.

Hapo ndipo nilipomwona amekata tamaa. Alikwenda jikoni akaanza kumenya ndizi kwa haraka, na ganda moja likaruka mpaka ukutani.

Mama mkwe wake, Kokugonza, alikuwa amekaa karibu na moto. Alikuwa mzee sana wakati ule, macho yake hafifu, na kwa siku nne alikuwa anasikiliza tu. Yeye na Ephrasia waliheshimiana, lakini hawakuwa watu wa kukaa pamoja wakachekeana. Kokugonza alikuwa ametaka mwanawe aoe binti wa karibu, si mwanafunzi wa masista mwenye kasha.

"Inaangusha nini?" mzee aliuliza.

"Vitanzi, mama. Sindano zinainua vichwa. Hazitulii."

"Zamani zilitulizwa na nini?"

Ephrasia aliacha kumenya. Aliweka kisu chini, akatoka, akafungua tena ule ubapa mrefu wa chuma. Ndani yake, kwenye mfereji, kulikuwa na utepe wa sponji ambao sote tulikuwa tumeufuta vumbi bila kuufikiria. Kazi yake ilikuwa kuzilalia sindano kwa juu, kwa ulaini, zisichezecheze. Sasa ulikuwa umekuwa mwembamba kama karatasi, na ulipoguswa ulimeguka ukawa unga.

Akauleta jikoni kwenye kiganja. Alimweleza mama mkwe kuwa kinatakiwa kitu laini lakini chenye nguvu, kinachobonyea na kurudi. Tulijaribu kipande cha blanketi. Kilitoa manyoya yakaingia kwenye sindano. Tulijaribu ukanda wa mpira wa baiskeli. Ulikuwa mgumu, kigari kikagoma. Magodoro ya sponji yalikuwepo kwa padri na kwa bwana shamba, na hakuna ambaye angethubutu kwenda kuyakata.

Kokugonza aliinuka kwa fimbo yake, akaingia chumbani. Tulisikia sanduku likifunguliwa. Alirudi na lubugo, ile nguo ya magome ya mti ambayo wazee wetu waliivaa kabla ya kaniki na kitenge. Ilikuwa rangi ya udongo mwekundu, imepigwa na nyundo mpaka ikawa laini kama sikio la ndama. Sote tulijua kazi yake. Alikuwa ameiweka miaka mingi azikwe nayo.

"Bonyeza," alimwambia Ephrasia.

Ephrasia akabonyeza kwa kidole. Ikashuka, ikarudi.

"Kata."

"Mama, siwezi."

"Mimi ni mfupi," Kokugonza alisema. "Kila mwaka nazidi kuwa mfupi. Huko chini kwenye miguu itabaki bure. Kata, mwana wange, kabla sijabadili mawazo."

Katika miaka kumi na mitatu na zaidi hakuwahi kumwita mwanawe. Ephrasia alipiga magoti, akaupokea mkasi niliompa, na mzee mwenyewe akamshikia nguo ikiwa imekazwa. Walikata utepe mmoja mrefu, upana wa kidole kidogo, na mwingine wa akiba. Ephrasia akausukuma ndani ya mfereji, akafunga ubapa, akatia uzi.

Kra. Kra. Kra.

Mistari kumi. Mistari arobaini. Kokugonza aliletewa kigoda akakaa kando, na kitambaa kilipofika urefu wa mkono alikipapasa kwa vidole vyake kutafuta tundu. Hakulipata. "Wakola waitu," alimshukuru Ephrasia, akarudi kwenye moto wake.

Siku ya tano Rugaibula alikuja mwenyewe badala ya kusubiri mkutano. Alisikia kra kra tangu kwenye mibuni, akaongeza hatua. Alisimama mlangoni amevua kofia.

"Imefufuka," alisema.

"Bado ni dhaifu," Ephrasia alisema bila kusimamisha kigari. "Hewa ya ghala haiifai."

Mwenyekiti alielewa. Kwa hiyo ikaamuliwa kuwa mashine ni ya kijiji lakini itakaa nyumbani kwa Ephrasia, chumba cha mbele, na sisi tutaifuata huko. Na Ephrasia akaweka sharti moja, akiwa ameshika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia kama kawaida: hakuna atakayekaa kufuma kabla ya kuifagia, hata kama aliyetangulia ameifagia, na kila mmoja wetu atafundishwa kuifungua na kuifunga. "Kila mmoja," alirudia. "Nikifa kesho msimtafute Byabato."

Tulifuma zamu za asubuhi, mchana na jioni, wengine wakiunga mikono na kola kwa sindano ya mkono. Masweta ishirini na saba yalipatikana ya kijani kimoja. La ishirini na nane uzi uliisha kwenye mkono wa kushoto, tukafumua fulana ya sufu ya zamani ya Mutembei iliyokuwa ya kijani cha nyasi kavu. Mtoto aliyelivaa alijiona ndiye kiongozi wa kwaya.

Siku ya Saba Saba tulikwenda nao Bukoba. Kwaya iliimba vizuri, ingawa kusema kweli sikusikiliza sana. Nilikuwa nahesabu masweta. Tulipokuwa tunawapa watoto ndizi za kuchoma baadaye, akaja mama mmoja aliyevaa gauni la heshima, akamshika mtoto mmoja bega, akageuza pindo la sweta lake ndani nje. Alisema anaitwa Kokuhirwa, mke wa mwalimu, Mlutheri wa Nshambya, pale pale Bukoba mjini.

"Haya ni ya mashine," alisema. "Mna fundi?"

Nikamsukuma Ephrasia mbele.

"Yangu haijasogea tangu mwaka juzi," yule mama alisema. "Nimeitandikia kitambaa, naweka redio juu yake."

Nshambya si mbali. Tulikwenda kwa miguu huku mabasi yakisubiri hotuba ziishe. Redio ikashushwa, kitambaa kikatolewa. Mashine ilikuwa safi, mpya kuliko yetu. Ephrasia alisukuma kigari taratibu mpaka kilipogota, akaweka kidole mahali pale pale, akachomoa sindano tatu. Kutoka kwenye mfereji akavuta kwa pini kitu kikavu, cha rangi ya majani, chenye mguu mrefu uliokunjwa.

Akakiweka kwenye kiganja cha mwenye nyumba. "Mashine yako ilikula senene, mama. Ikashindwa kumeza."

Kokuhirwa alikitazama kile kisenene, kisha akainua macho kwenye taa iliyoning'inia juu ya meza, mahali ambapo kila mwezi wa kumi na moja wadudu wale huruka kwa mamia. Alicheka mpaka mumewe akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Tangu hapo Ephrasia akawa na kazi asiyoitafuta. Barua zilikuja kwa makondakta wa mabasi: kutoka Muleba, kutoka Kamachumu, kutoka kwa akina mama wa usharika fulani mjini. Alikwenda na kapu lake lenye bisibisi, manyoya ya kuku, kichupa cha mafuta, na vipande vya lubugo alivyovinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa bado anajua kuipiga. Mara nyingi ugonjwa ulikuwa mdogo: uzi umeingia vibaya, sindano moja imegeuzwa, kigari kimekauka. Alikataa kutengeneza akiwa peke yake. Mwenye mashine alilazimika kukaa naye, kushika bisibisi, na kufunga skrubu ya mwisho kwa mkono wake mwenyewe. Wengine waliona anawachosha. Byabato, nasikia, alianza kuwaambia wateja wake, "Hiyo si cherehani, mpelekee mama wa Nshamba," na hakuona haya, jambo lililonifanya nimpende kidogo.

Kokugonza aliishi miaka mitatu zaidi, akazikwa na lubugo yake, na ilimtosha.

Kilichotushangaza zaidi ni Mutembei. Ephrasia aliposafiri, kazi za kikundi zilisimama, maana wengine wetu tulikuwa mashambani, na Mutembei alikuwa na magoti mabovu yaliyomzuia kulima kutwa. Akaanza kwa kumalizia mikono ya masweta, mlango ukiwa umefungwa. Siku moja Rugaibula aliingia bila hodi akamkuta. Habari zikaenea mpaka kilabuni, na kwa wiki mbili wanaume walimwita Mama Datius. Mutembei aliendelea kufuma. Ulipofika msimu wa mvua akawa amevaa sweta zito la kahawia lenye kola ya kukunja, na wale wale waliomcheka wakaanza kumuuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kupima kifua cha mtu mzima.

Nakumbuka mwezi wa kumi na moja mmoja, mvua inanyesha, Ephrasia alirudi kutoka Muleba amechelewa siku mbili kwa sababu ya barabara. Nilikuwa nimempokea kapu njiani, tukaingia pamoja. Mutembei alikuwa kwenye mashine, mgongo kwetu, anasukuma kigari polepole na kichwa amekiinamisha upande.

"Sindano ya sabini na mbili inasema kitu," alisema, bila hata kutuamkia.

Ephrasia akavua viatu vyenye matope, akasogeza kigoda, akakaa karibu yake. Mumewe akasukuma tena. Wote wawili wakasikiliza.

"Si sabini na mbili," Ephrasia alisema. "Sabini na tatu."

Mutembei akamsogezea bisibisi, nami nikaenda jikoni kuwachemshia chai.